Tembo la Kasongo

Mji wa Kasongo hauna lango la kukatia tikiti, hauna ramani ya kugawia wageni, wala mtu wa kuwatangulia watalii akiwa ameinua mwavuli wake juu ili wasimpoteze. Anayetaka kuuona ni lazima awe na mwenyeji. Kiangazi kilichopita mwenyeji huyo nilikuwa mimi, na mgeni alikuwa mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 22 aliyezaliwa na kukulia Ubelgiji, ambaye Kiswahili chake ni kile cha jikoni kwa mama yake: chepesi, sahihi, na kisicho na maneno ya huzuni.

Nawaandikia habari hii ninyi vijana wa parokia kwa sababu wengi wenu mmeniuliza kama mji wetu unaweza kutembezwa wageni kama miji mingine ya kale. Nadhani unaweza. Lakini kuna jambo ambalo mtembezaji wa hapa hukutana nalo, na wa kwingine pengine halimgusi.

Mwaka uliotangulia, kijana huyu alikuwa amekwenda na wanafunzi wenzake Hungaria, katika mji uitwao Eger. Alifika kwangu na picha zake katika simu, akanionyesha zote kabla hata hajanawa vumbi la njiani. Mji huo una ngome juu ya kilima, ambayo mwaka 1552 watu wachache chini ya István Dobó waliilinda dhidi ya jeshi kubwa la Waturuki, na jeshi likarudi nyuma. Waturuki walikuja tena mwaka 1596 wakauteka, wakakaa hapo hadi 1687. Walipoondoka waliacha mnara wa msikiti, mwembamba, wenye urefu wa mita 40 hivi, na hadi leo mnara huo unasimama katika mji mmoja na kanisa kuu la Kikatoliki lililojengwa katika karne ya 19. Kijana alipanda ngazi zake za mzunguko huku mabega yakigusa ukuta pande zote mbili.

Halafu akaenda kuonja divai. Bondeni, kando ya mji, kuna maghala yaliyochimbwa ndani ya mwamba, na kila ghala lina mwenyewe anayemimina kidogo katika glasi na kusimulia. Divai nyekundu ya pale inaitwa damu ya fahali. Wanasema kwamba wakati wa vita vya 1552 walinzi wa ngome walikunywa divai hadi ndevu zao zikawa nyekundu, na Waturuki walipowaona wakadhani wamekunywa damu ya mafahali, wakaingiwa na hofu. Wanahistoria hawaikubali hadithi hiyo; jina lenyewe ni la miaka mingi baada ya vita. Hata hivyo inasimuliwa kila siku, na divai inauzwa.

“Mama mdogo,” akaniambia, “nionyeshe Kasongo namna hiyohiyo. Mji kwanza, halafu divai.”

Nilimwahidi. Sikumwambia kwamba wiki mbili kabla ya safari yake mama yake alikuwa amenipigia simu na kunipa sharti moja: mwonyeshe kila kitu, ila habari za mama yake bibi yetu uziache.

Hapa ni lazima nieleze, maana baadhi yenu mmekulia katika nyumba ambazo nazo zina habari za kuachwa. Mji wetu ulijengwa na biashara ya pembe za ndovu na ya watu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Unguja tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, aliufanya Kasongo kuwa makao yake katika miaka ya 1870. Pembe zilichukuliwa hapa, zikapita Kabambare, zikavuka Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, zikaendelea Tabora na pwani, juu ya mabega ya watu. Wengi waliobaki huku walilelewa katika nyumba za mabwana. Walijifunza Kiswahili, wakavaa kanzu, wakapewa bunduki au shamba la mpunga, wakaitwa Waungwana. Pwani, neno hilo ni kinyume cha mtumwa. Huku kwetu lilikuwa shuka: lilimfunika aliyezaliwa huru na aliyenunuliwa, wote pamoja, na baada ya vizazi viwili hakuna aliyethubutu kulifunua. Hata leo, katika ugomvi wa sokoni au wa shamba, kumwambia mtu kwamba bibi yake alinunuliwa ni tusi linaloweza kuvunja ndoa.

Mama yake bibi yetu alinunuliwa.

Basi siku ya kwanza tulikwenda Tongoni, mahali pa Kasongo ya kale, nje ya mji wa leo. Tongo ni mahame, mahali palipohamwa. Karibu na Tanga, kule Tanzania, iko Tongoni nyingine yenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Ya kwetu haina gofu la kupigia picha. Nyumba zilikuwa za udongo, na udongo umerudi kuwa udongo. Iko miembe, viko vigae vya vyungu unavyovikanyaga usipoangalia, na katika miaka ya hivi karibuni wanaakiolojia walikuja kupima na kuchimba, wakaketi na wazee kuuliza nani alikaa wapi. Kijana alitazama huku na huku akitafuta mnara.

Nikamwambia aketi chini ya mwembe, nikamjengea mji kwa maneno. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo likiongozwa na Dhanis liliingia hapa, Sefu mwana wa Tippu Tip akakimbia. Baba yake alikuwa amekwisha kurudi Unguja, na huko alifariki mwaka 1905. Katika jeshi hilo alikuwamo daktari Mwingereza, Sidney Hinde, aliyeandika baadaye kwamba hakutegemea kuukuta mji wa namna hii katikati ya bara: nyumba kubwa, vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, mishumaa, sukari, glasi, bustani za machungwa, mipera na makomamanga, na mashamba ya mpunga kote kuzunguka. Askari wa kawaida walilala juu ya hariri. Nikamweleza pia kwamba washindi hao hawakuja na uhuru mikononi. Wengi wa wapiganaji wao walikuwa watu wa Ngongo Lutete, ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa na kisha mtumishi wa Tippu Tip, na ambaye kabla mwaka huo haujaisha maofisa wa Dola walimhukumu na kumpiga risasi. Baada ya pembe za ndovu ikaja mipira ya Leopold. Mabwana walibadilishana, mzigo ukabaki.

Kijana alisikiliza, akiwa anageuza kigae kimoja kwenye kiganja chake. Kisha akauliza swali ambalo sijui kama mama yake alilitazamia:

“Mama mdogo, sisi tulikuwa tunalala kwenye vitanda vile, au tulikuwa tunavitandika?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi. Ningeweza kusema kwamba ni zamani, kwamba watu walichanganyika, na yote mawili yangekuwa kweli. Lakini nimefundisha historia kwa miaka 19, na kila mwaka nimewafundisha watoto wa watu wengine kuhusu soko la Nyangwe, hapo kwenye mto Lualaba, ambako tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara waliwapiga risasi wachuuzi, wengi wao wanawake, mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama, Livingstone akishuhudia. Watoto hao huandika tarehe hiyo daftarini bila kujiuliza kama wana ndugu katika habari hiyo. Nikaona siwezi kumfanya na huyu hivyo. Nikamjibu: “Tulivitandika.” Nikamweleza mengine niliyoyajua, ambayo hayakuwa mengi: kwamba aliletwa akiwa mtoto, kutoka upande wa Kabambare, na kwamba alizeeka hapa akiitwa mungwana.

Jioni mjomba wetu alikwisha kujua. Kasongo ni mji mdogo, na kijana alikuwa amemwuliza yeye mwenyewe, kwa adabu, barazani, baada ya sala ya magharibi. Mjomba ni Mwislamu, sisi ni Wakatoliki. Nyumba nyingi hapa ziko hivyo, na siku za Noeli na za Idi sahani hupita uani bila kuuliza dini. Aliniita kando.

“Umemvua nguo bibi yangu kaburini,” akasema.

“Mjomba, alivuliwa zamani, na si mimi. Mimi nimesema tu kwamba alivuliwa.”

“Mtoto atarudi kwa wazungu, awaambie sisi ni watumwa.”

“Ataenda kuwaambia nini kuhusu wao?”

Hakucheka. Tulikaa kimya muda mrefu, naye akiwa na tasbihi yake. Sikutaka kumshinda, ni mtu aliyenilipia karo ya shule baba yangu alipofariki. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba kama limekwisha kusemwa basi lisisemwe nusu. Akamwita kijana. Akamsimulia jambo ambalo hata mama yangu hakuwahi kunisimulia: kwamba bibi yule alikuwa na kamba fupi yenye mafundo, na kila jioni aliishika akiwaita wajukuu mmoja mmoja, fundo moja kwa kila mtoto, na hakufunga mlango hadi mafundo yametimia. Kwamba hakuna mtoto aliyeruhusiwa kwenda sokoni peke yake, hata wakati wa Wabelgiji, hata soko lilipokuwa hatua 50 kutoka mlangoni. Na kwamba katika homa yake ya mwisho aliacha Kiswahili kabisa, akawa anataja jina la kijito katika lugha ambayo hapo nyumbani hakuna aliyeielewa, hadi mpita njia mmoja akasema: hicho ni Kibangubangu.

Kesho yake ilikuwa siku ya divai, na sikuiahirisha.

Nilimpeleka kwa mgema mmoja mzee, nusu saa kwa miguu kutoka mjini, kabla jua halijachomoza. Kijana alikuwa ameniuliza tunakwenda kuonja nini, nikamwambia tembo, akanitazama kwa mshangao. Alilijua neno hilo kwa maana ya mnyama tu. Katika Kiswahili cha vitabu neno ni moja, la mnyama na la kinywaji, na mji huu umeishi kwa vyote viwili.

Mgema alikuwa juu ya mchikichi, amejifunga kitanzi kiunoni, akiegemea nyuma kama mtu aliyeketi kitini. Kazi yenyewe ni ya subira. Hukata shina la ua la kiume juu kwenye taji la mti, huingiza mrija, hutundika kibuyu, na utomvu hutiririka tone kwa tone usiku kucha. Asubuhi na jioni hupanda, humwaga, hukata upya kipande chembamba kama ukucha ili jeraha lisizibe. Wako wanaouangusha mti mzima ili kugema kwa urahisi. Mti hutoa kwa wiki kadhaa, kisha umekwisha. Mzee huyu aliwataja watu hao kama watu wanaokopa bila nia ya kulipa.

Alishuka, akamimina kwanza katika kibuyu chake, akanywa yeye mbele ya mgeni. Ndiyo desturi: anayekaribisha huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Kisha akampa kijana.

Tembo la alfajiri ni jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, lina povu dogo, na ni tamu, karibu halina ulevi. “Ni kama juisi,” kijana akasema, kidogo kwa kuvunjika moyo. Mzee akamwambia asiwe na haraka. Akampa lile la jana jioni: sasa utamu umepungua, linachoma ulimi kidogo, lina harufu ya chachu ya mkate. Kisha lile la juzi, kali, chachu tupu, la kumkunja mtu uso. Mti mmoja, utomvu mmoja. Hamira iliyomo hewani na katika kibuyu ndiyo inayofanya kazi, na haimngojei mtu. Kule Eger walimwonyesha divai za miaka mbalimbali. Hapa mzee alimwonyesha saa mbalimbali. Nilifurahi sana kwa hilo, nakiri kwa majivuno ya kienyeji.

Tulizungumza pia juu ya lotoko, ile pombe ya mahindi na muhogo inayotoneshwa katika mapipa, maana mzee ana mwana aliyeharibiwa nayo. Alisema kitu ambacho ningependa mkisikie kwa kinywa chake: tembo lina mwisho wake lenyewe, likipita siku mbili halinyweki, lotoko haina mwisho, kwa hiyo mnywaji ndiye anayekwisha. Kijana wangu alionja vibuyu vitatu, kidogo kidogo, akakataa cha nne. Mzee hakumlazimisha.

Njiani tukirudi aliniuliza kwa nini padri hatumii tembo katika Misa, ikiwa ndiyo divai ya nchi. Ni swali la haki, na wateolojia wa Kiafrika wameliuliza kabla yake. Nilimweleza kwamba sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, yataka divai ya Misa iwe ya asili, itokanayo na tunda la mzabibu, isiyoharibika. Na kwamba huku kwetu mizabibu haipo, kwa hiyo divai hiyo hutoka mbali, hupita mikono mingi kabla ya kufika altareni. Kongo tulipewa mwaka 1988 Misale yetu, yenye kuwataja mababu wema na kucheza kuizunguka altare, lakini kikombe kilibaki cha zabibu. Akafikiri. Akasema kwamba kama mababu wanatajwa, basi huenda na yule mwenye kamba anatajwa. Nikamwambia kwamba mimi humtaja, kimoyomoyo, kila Jumapili wanapofika hapo. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu.

Kabambare hatukuwa tumeipanga. Baada ya maneno ya mjomba, kijana hakutaka kwenda kwingine. Ni zaidi ya kilomita 100 kuelekea mashariki, na barabara ni ile mnayoijua; tulikodi pikipiki mbili, tukalala njiani usiku mmoja. Katika safari nilimsimulia kwamba ndiyo njia ya misafara, ila sisi tunaifuata kinyume, kama waliokuwa wakirudi. Kabambare ilikuwa kituo kikubwa cha wafanyabiashara kati ya ziwa na Kasongo. Livingstone alikwama huko miezi mingi, kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871, vidonda vya miguu vikimzuia kutembea. Ngome ya huko ilianguka mikononi mwa Dola Januari 1894, katika vita dhidi ya Rumaliza. Kijana alisikiliza kwa adabu, lakini niliona anachotaka ni kijito.

Katika kijiji kimoja mbele ya Kabambare tulimkuta mama mzee akianika muhogo. Tulisalimia. Akatuuliza, kama wanavyouliza watu wote wa huku kabla ya kukupa hata kigoda: ninyi ni wa nani? Sikuwa na jibu. Ningeweza kumtajia ukoo wa baba yangu, lakini si huo uliotuleta. Kijana ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake cha jikoni: “Mama, hatujui. Alichukuliwa kutoka huku, mtoto, zamani.” Akataja jina la kijito.

Mzee akaacha muhogo. Akasema vijito vyenye jina hilo viko vitatu. Akatuonyesha upande wa kila kimoja kwa kidole: kimoja karibu, viwili mbali, msituni, ambako hakutushauri kwenda kwa hali ya usalama ilivyo. Kisha akaingia ndani, akatoka na maji katika bakuli la bati, akayaonja kwanza, akampa kijana. Alisema yalitekwa kwenye kile cha karibu. Hakusema zaidi, wala sisi hatukusema kwamba ndicho. Kijana alikunywa yote.

Kwa wale mnaotaka kuanza kuwatembeza wageni, na najua katika jumuiya zetu mmekwisha kuorodhesha vituo, ombi langu ni hili tu: msianzie kwenye nyumba ya Tippu Tip. Anzieni sokoni, au kwenye njia ya Kabambare. Na mwulize wazee wenu kabla ya kuwasimulia wageni, maana hadithi ina wenyewe. Mjomba wangu alikuwa na haki ya kukasirika, hata kama bado naona nilipaswa kusema. Kwa tembo, mpelekeni mgeni alfajiri.

Siku ya kuondoka kijana alitaka kumbebea mama yake chupa moja. Mgema alicheka hadi akashika mti. Alimwambia kwamba kabla hajafika Kindu itakuwa siki, na kama ameifunga vizuri itakuwa imepasua mkoba. Akachukua kigae cha Tongoni badala yake. Nikamwambia akirudishe, vya Tongoni havihami. Alikirudisha.

Dada yangu alipiga simu usiku wa tatu baada ya mwanawe kufika. Aliniuliza kama nilimwambia. Nikasema ndiyo, na mjomba alimwambia zaidi kuliko mimi. Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza yale mafundo ya kamba yalikuwa mangapi. Nikamwambia saba, na kwamba la tano lilikuwa la mama yetu.